Wagonjwa wa Sukari na Majaribio Makubwa ya Dawa

Ugonjwa wa sukari si mgeni tena katika nyumba za Lubumbashi. Huko Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo wako baba na mama wengi walioambiwa na daktari wapunguze bukari, waache vinywaji vitamu, wameze vidonge asubuhi na jioni. Lakini vidonge hivyo vilijaribiwa kwa akina nani? Twataka kulijibu swali hilo, kwa maana huenda siku moja msomaji wetu ataombwa aingie katika jaribio la dawa, naye asijue aseme nini.

Dawa haiaminiwi kwa sababu imemfaa mtu mmoja. Wagonjwa hugawanywa kwa kura: hawa wapewa dawa mpya, wale matunzo ya kawaida, kisha wafuatwa wote. Na kwa kuwa sukari huharibu macho, figo na miguu polepole, kwa miaka mingi, ukichukua watu ishirini hutaona kitu. Lazima wawe maelfu. Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza, wakiongozwa na Robert Turner wa Oxford, walianza kuwatafuta watu waliogunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa huu. Iliwachukua mpaka 1991, yaani miaka 14, kupata watu 5,102. Majibu yalitoka 1998. Ndipo ilipoonekana kwamba wagonjwa wanene 342 waliopewa metformini walikufa wachache zaidi, upungufu wa theluthi moja hivi, kuliko wanene wenzao waliotunzwa hasa kwa kupangiwa chakula. Metformini ndicho kidonge wanachomeza wengi wa kwetu hata leo. Twawiwa shukrani na watu hao waliokubali kuhesabiwa.

Walakini wao si sisi. Chukueni kipimo cha damu kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha hali ya sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mara nyingi kipimo hicho ndicho mlango wa majaribio: aliyefika kiasi fulani huingia, asiyefika hurudishwa. Sasa mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika wana urithi fulani wa damu, upande wa G6PD, unaofupisha maisha ya chembe nyekundu. Kwa mwanamume mwenye urithi huo kipimo hushuka kwa 0.8 hivi, ingawa sukari yake haikushuka. Basi mtu aweza kuwa mgonjwa kweli, naye akaambiwa kwamba si mgonjwa wa kutosha! Jambo hili lilijulikana kwa sababu Wamarekani weusi walikuwamo katika uchunguzi. Wasingalikuwamo, nani angaliliona?

Labda mtu atasema kwamba majaribio makubwa hayawezekani katika Kongo. Si kweli. Wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini, toka Novemba 2018 hata Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingizwa katika jaribio la dawa nne huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Muyembe wa kwetu. Katika kundi la dawa ya zamani walikufa karibu nusu. Katika makundi mawili yaliyofanikiwa, karibu theluthi moja. Jaribio likakomeshwa mapema, ili wagonjwa wote wapewe hizo mbili.

Tofauti ni hii: mgonjwa wa Ebola huletwa hospitali hajiwezi, lakini mwenye sukari yuko sokoni akiuza mboga, wala haumwi. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu hawakujua kwamba wanao. Utamwandikishaje asiyejijua? Jirani zetu wa Tanzania na Uganda walipata njia nzuri: walikwenda mahali watu wanapokusanyika tayari. Katika zahanati na hospitali 32, toka Juni 2020 hata Aprili 2021, waliandikisha watu 7,028 wenye sukari, shinikizo la damu au virusi vya UKIMWI, wapate kujua kama yafaa kuwatunza wote pamoja katika kliniki moja. Miezi tisa hivi tu! Na ilionekana kwamba yafaa.

Iko pia hofu, nasi hatuicheki. Wazee wa Élisabethville walisimuliana habari za batumbula, wale wanyakuzi wa watu usiku. Hayo ni masimulizi. Lakini mwaka 1954, huko Yokadouma katika Kameruni, watu walidungwa sindano za kuzuia malale bila kuulizwa shauri lao, nyama ikaoza, na wengine wakafa. Mwaka 1964, mjini Helsinki, madaktari wa ulimwengu waliandika kanuni kwamba mtu asiingizwe katika jaribio bila ridhaa yake.

Basi ukiombwa, uliza kwanza kama kamati ya maadili, mathalani ile ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, imelikubali jaribio hilo. Karatasi ya Kifaransa tupu haitoshi. Mama asiyesoma Kifaransa asomewe kwa Kiswahili, aende nayo nyumbani, ashauriane na watu wake. Aambiwe waziwazi kwamba aweza kuangukia kundi lisilopata dawa mpya, na kwamba aweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matunzo yake ya kawaida. Liko na swali ambalo wengi husahau: jaribio likiisha, dawa itapatikana wapi, na kwa faranga ngapi? Mwenye sukari humeza kidonge chake kila siku mpaka mwisho wa maisha. Jibu la swali hilo liwe limeandikwa katika karatasi kabla hajatia sahihi.