Daraja na Ngazi: Mwelekeo wa Vyeti vya Sekondari na vya Ufundi Stadi nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mwelekeo wa vyeti vinavyotolewa nchini Tanzania katika elimu ya sekondari na mafunzo ya ufundi stadi, hususani tangu mwaka 2012. Makala yanaonesha kwamba kupanda kwa asilimia ya ufaulu wa kidato cha nne hakuwezi kueleweka pasipo kuchunguza mambo mawili: mabadiliko ya kipimo cha ufaulu na mgawanyo wa madaraja ndani ya ufaulu huo. Yanaonesha pia kwamba takriban nusu ya watahiniwa hupata daraja la nne, ambalo halitoshi kuwapeleka kidato cha tano, ilhali mfumo wa vyeti vya ufundi stadi, ambao ungetarajiwa kuwapokea, una historia yake ya kubadilika na lugha yake ya ngazi isiyofahamika vyema kwa waajiri wengi. Hoja kuu ni kwamba idadi ya vyeti si kipimo cha kutosha. Kinachopaswa kupimwa ni mlango ambao kila cheti kinaufungua.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, takwimu moja hupewa uzito kuliko nyingine zote, nayo ni asilimia ya waliofaulu. Magazeti huiweka kwenye kichwa cha habari, viongozi huilinganisha na ya mwaka uliotangulia, na wazazi huipokea kama ishara ya hali ya elimu nchini. Kwa kigezo hicho, picha ni ya kutia moyo. Ufaulu uliokuwa takriban asilimia 68 katika mtihani wa mwaka 2015 ulifikia asilimia 80.65 mwaka 2019, asilimia 87.79 mwaka 2022, asilimia 89.36 mwaka 2023, na asilimia 92.37 mwaka 2024.

Hata hivyo, neno "kufaulu" linabeba maana zaidi ya moja. Kijana aliyepata daraja la kwanza na yule aliyepata daraja la nne wote wamo katika asilimia hiyo, lakini njia zilizo mbele yao hazifanani. Ili kuielewa picha hiyo, makala haya yanaeleza kwanza asili ya vyeti vinavyohusika, kisha namna kipimo cha ufaulu kilivyobadilika, maana ya daraja la nne, na hatimaye nafasi ya vyeti vya ufundi stadi. Mjadala wa ufundi stadi unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina mamlaka yake ya mafunzo ya amali.

2.0 Usuli wa Mifumo Miwili ya Vyeti

Mtihani wa kidato cha nne wa kitaifa ni zao la uamuzi wa kisiasa. Baada ya uhuru, watahiniwa wa Tanganyika waliendelea kufanya mitihani iliyosimamiwa na Cambridge, na baadaye ile ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza hilo, na NECTA ikaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai kwamba shule imwandae mwanafunzi kwa maisha na kazi, si kwa mtihani pekee. Kwa msingi huo, shule za sekondari ziliwekewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru na Musoma zilijulikana kwa kutoa wahitimu walioshika kalamu na patasi kwa pamoja.

Upande wa ufundi stadi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Kwa elimu ya ufundi ya ngazi za juu zaidi, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE) liliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 1997. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 udhibiti wa mafunzo ya ufundi stadi ulihamishiwa katika baraza hilo, ambalo sasa linajulikana kama NACTVET, huku VETA ikibaki na jukumu la kutoa mafunzo.

Kwa muda mrefu, basi, mifumo hii miwili ilikua sambamba chini ya vyombo tofauti, kila mmoja na vipimo vyake na vyeti vyake. Utengano huo ndio chanzo cha matatizo mengi yanayojadiliwa hapa chini.

3.0 Mwelekeo wa Cheti cha Kidato cha Nne

3.1 Kipimo Kilichobadilika

Mtihani wa mwaka 2012 ni mfano ulio wazi kuliko yote wa namna kipimo kinavyoweza kubadili idadi ya vyeti. Matokeo yaliyotangazwa Februari 2013 yalionesha kwamba watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri, na ufaulu ulikuwa takriban asilimia 34.5. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome ili kuchunguza sababu. Ilibainika kwamba, pamoja na udhaifu wa ufundishaji na upungufu wa vifaa, utaratibu wa kupanga viwango vya alama ulikuwa umebadilishwa: mwaka 2011 viwango vilikuwa vinarekebishwa kulingana na hali ya matokeo, ilhali mwaka 2012 vilitumika viwango visivyobadilika. Mwezi Mei 2013 Serikali ilifuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Ufaulu ukapanda hadi asilimia 43.08.

Hapana mwanafunzi aliyejibu swali jingine hata moja kati ya Februari na Mei. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile. Hata hivyo, maelfu ya vijana waliolala bila cheti waliamka wakiwa nacho.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Kwa mtihani wa mwaka 2013 ulianzishwa mpangilio mpya wa alama wenye viwango saba, ambapo alama C ilianzia 40 na ziliongezwa alama B+ na E. Mwaka 2014 madaraja yaliondolewa na badala yake ukatumika mfumo wa wastani wa pointi, ambapo watahiniwa walitunukiwa cheti cha ustadi mkubwa, ustadi, ustahili au kufaulu tu. Mfumo huo haukudumu. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2015 yalitangazwa kwa madaraja ya zamani, yakiwa na viwango vitano: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na F chini ya hapo.

Kwa mantiki hiyo, ndani ya miaka mitano shule za sekondari zilitoa vyeti vilivyopimwa kwa mizani kadhaa. Alama 42 katika somo ilikuwa C mwaka 2013, lakini ni D mwaka 2015. Mwajiri anayelinganisha vyeti viwili vya miaka hiyo kwa kuangalia herufi pekee anaweza kumdhulumu mmoja na kumpendelea mwingine bila kujua. Ulinganisho wa haki wa mwelekeo unawezekana zaidi kuanzia mtihani wa mwaka 2015 na kuendelea, kwa kuwa tangu hapo kipimo kimekuwa thabiti.

3.2 Kufaulu na Ubora wa Ufaulu

Hata kipimo kinapokuwa thabiti, swali la maana ya kufaulu linabaki. Katika mfumo unaotumika, masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa huhesabiwa: A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 hadi 35 ni sifuri.

Hesabu rahisi inafafanua jambo hili. Mtahiniwa aliyepata D mbili na F tano ana pointi 8 na 25, jumla 33. Huyo amepata daraja la nne, naye anahesabiwa kuwa amefaulu, ingawa ameshindwa masomo matano kati ya saba. Kwa upande mwingine, mwenye C tatu na D nne ana pointi 9 na 16, jumla 25, na hivyo amefikia daraja la tatu. Mpaka kati ya pointi 25 na 26 ni mwembamba kwenye karatasi, lakini ndio unaotenganisha wanaoweza kuchaguliwa kwenda kidato cha tano na wasioweza, kwa kuwa uchaguzi huo hudai angalau C tatu.

Ndiyo maana NECTA hutangaza pia kile kinachoitwa ubora wa ufaulu, yaani asilimia ya waliopata daraja la kwanza hadi la tatu. Kwa mtihani wa mwaka 2023 kiwango hicho kilikuwa takriban asilimia 37, na kwa mwaka 2024 takriban asilimia 43. Ongezeko hilo ni la kweli na lina thamani. Lakini likiwekwa kando ya asilimia 92.37 ya ufaulu wa jumla, linaonesha kwamba katika kila watahiniwa 100 wa mwaka 2024, wastani wa 43 walipata madaraja ya juu, 49 walipata daraja la nne, na takriban 8 walipata sifuri. Kundi kubwa kuliko yote ni lile la katikati. Katika somo la Hisabati hali ni ngumu zaidi: ufaulu wake umekuwa takriban robo tu ya watahiniwa.

Kuna sababu za kihistoria za ukubwa wa kundi hili. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata nchi nzima, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Watoto ambao kizazi kimoja kabla wangeishia darasa la saba sasa wanamaliza sekondari. Kupanuka kwa lango la kuingilia, hata hivyo, hakukuambatana na kupanuka kwa milango ya kutokea kwa kasi ile ile.

4.0 Vyeti vya Ufundi Stadi

Kwa mwenye daraja la nne, njia zilizobaki ni chache. Akiwa na D nne anaweza kuomba nafasi katika baadhi ya kozi za astashahada. Akiwa na D mbili, hata njia hiyo kwa kawaida imefungwa. Mafunzo ya ufundi stadi, yanayopokea hata wahitimu wa darasa la saba, ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Hata hivyo, vyeti vya ufundi stadi navyo vimebadilika. Mfumo wa zamani ulikuwa wa majaribio ya ufundi ya madaraja matatu, ambapo mwanafunzi alianza na daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza, lililokuwa la juu kabisa. Mfumo uliofuata, unaozingatia umahiri, una tuzo za taifa za ufundi stadi za ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini mpangilio wake ni kinyume: ngazi ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Juu yake ipo ngazi ya nne inayoingia katika elimu ya ufundi, na kuendelea hadi stashahada na shahada.

Matokeo ya kugeuzwa huku si madogo. Fundi umeme mkongwe mwenye daraja la kwanza la majaribio ya ufundi na kijana aliyemaliza ngazi ya kwanza wanaweza kuwasilisha vyeti vyenye namba moja inayofanana, ilhali mmoja yuko kileleni na mwingine yuko chini ya ngazi. Msimamizi wa ujenzi asiyefahamu historia hii hana njia ya kuwatofautisha isipokuwa kuwaweka kazini na kuwatazama.

Aidha, mafundi wengi zaidi hawana cheti chochote. Wamejifunza uashi, useremala, ushonaji au umakanika kwa kukaa na fundi mwingine gereji au mtaani. Kwa ajili yao VETA ilianzisha urasimishaji wa ujuzi: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, mapungufu yake hubainishwa, hupewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha hutunukiwa cheti. Utaratibu huu unatofautiana na mtihani wa shule kwa jambo la msingi, kwani unaanzia kwenye kile ambacho mtu anakiweza.

5.0 Thamani ya Cheti Sokoni

Uzito wa cheti katika soko la ajira la Tanzania ulidhihirika mwaka 2017, pale uhakiki wa watumishi wa umma ulipobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu hawaghushi kitu kisicho na bei. Katika ajira rasmi, hususani serikalini, cheti cha kidato cha nne ni sharti la kuanzia, na kukikosa ni kubaki nje ya lango.

Lakini sharti hilo likitimizwa na zaidi ya asilimia 90 ya watahiniwa, halitofautishi tena. Mwajiri huanza kudai kingine juu yake: daraja, somo fulani, astashahada, au uzoefu. Hali hii tayari inaonekana kidato cha sita, ambako ufaulu umepita asilimia 99 na cheti chenyewe hakisemi mengi mpaka alama zisomwe. Mwenye daraja la nne, kwa hiyo, anashika cheti ambacho thamani yake inapungua kadiri wanaokishika wanavyoongezeka.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inajaribu kujibu tatizo hili kwa kuweka mikondo miwili katika sekondari: wa elimu ya jumla na wa amali. Mtaala mpya ulianza kidato cha kwanza mwaka 2024 katika shule zilizoteuliwa kwa mkondo wa amali, huku ujenzi wa vyuo vya ufundi stadi vya wilaya ukiendelea. Kwa namna fulani, huku ni kurejea kwenye wazo la michepuo ya miaka ya 1970, safari hii kukiwa na mfumo wa umahiri unaoweza kuupa ujuzi huo utambulisho wake.

6.0 Hitimisho

Mwelekeo wa vyeti nchini Tanzania ni wa kupanda, na kupanda huko si kwa takwimu tu. Watoto wengi zaidi wanafika na kumaliza kidato cha nne kuliko wakati wowote uliopita. Lakini historia ya mwaka 2012 inafundisha kwamba idadi ya vyeti inaweza kubadilika bila ujuzi kubadilika, na mgawanyo wa madaraja unaonesha kwamba cheti kimoja kinaweza kumaanisha hatima tofauti kabisa. Taarifa za matokeo zingekuwa na manufaa zaidi iwapo zingeonesha, pamoja na asilimia ya waliofaulu, ni wangapi kati yao waliingia kidato cha tano, vyuo vya ufundi stadi au astashahada mwaka uliofuata. Vilevile, kila cheti cha ufundi kingepaswa kueleza kwa maneno, si kwa namba pekee, kazi ambayo mwenye nacho anaweza kuifanya. Mafanikio ya mkondo wa amali nayo yatapimwa kwa kigezo hicho hicho: kama kijana ambaye jana angepata daraja la nne na kukosa pa kwenda, kesho atatoka shuleni akiwa na ujuzi unaotambulika na ngazi inayofuata ikiwa wazi mbele yake.