Mwanga Tunaoufichia Macho

Mtoto yeyote aliyekulia jirani na karakana ya mageti amewahi kukemewa: "Wewe, usiangalie moto wa welding!" Onyo hilo ni la haki. Mwanga ule umejaa urujuanimno, na anayeutazama bila kioo cheusi atakesha akihisi mchanga machoni. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mionzi hiyo, pamoja na moshi wa kuchomelea, katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani. Nafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi mkoani Morogoro, na somo la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya ni kioo. La pili ni kwamba mwanga huohuo una habari ambazo fundi hawezi kuzipata kwingine.

Katika lile pengo la milimita chache kati ya rodi na chuma hakuna tena hewa ya kawaida. Umeme umeipasha joto hadi atomu zikapokonywa elektroni zake, na gesi iliyofikia hali hiyo, inayopitisha umeme, ndiyo plasma. Hakuna kipimajoto cha kuchovya humo. Kwenye TIG, uchomeleaji wa ncha ya tungsteni ndani ya gesi ya agoni, joto karibu na ncha hiyo hukaribia nyuzi 20,000, ilhali uso wa jua ni kama nyuzi 5,500. Kinachotoka humo kikiwa na habari ni mwanga.

Ukiupitisha mwanga wa balbu ya kizamani kwenye prizimu, unapata rangi za upinde wa mvua zikifuatana bila pengo. Mwanga wa tao la umeme, yaani ile plasma ya kwenye pengo, hutoa zaidi mistari myembamba inayong'aa, na kila elementi ina mistari yake, kama unavyomjua mtu kwa sauti anapopiga hodi hata kabla hujafungua mlango. Bunsen na Kirchhoff, pale Heidelberg mwaka 1860, waligundua sesiamu kwa mistari miwili ya buluu ambayo haikuwa ya elementi yoyote waliyoijua. Joto nalo husomwa humohumo. Linapopanda, mistari ya elementi moja haiongezeki mng'ao kwa kiwango kimoja, hivyo ukiilinganisha unapata nyuzi za joto.

Chombo chetu ni spektromita ndogo inayoenea kiganjani. Uzi wa kioo unafungwa kwenye stendi na kuelekezwa kwenye tao kutoka umbali ambao cheche haziufikii, na mistari inajichora kwenye kompyuta. Tulianza na 6013, rodi ya mafundi wa grili na mageti. Mistari ya chuma ilijaa kila mahali, ya manganizi ikaonekana karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 403, na huko mwisho wa wekundu, ambako jicho karibu haliambulii kitu, ikasimama miwili mirefu, 766 na 770.

"Mwalimu, hiyo ni nini?" Potasiamu. "Imetoka wapi, na hiki ni chuma?"

Imetoka kwenye ganda la rodi. Atomu ya potasiamu huachia elektroni yake kwa elektronivolti 4.3, wakati chuma hudai 7.9 na agoni 15.8. Mashine nyingi za karakana zetu ni transfoma za AC, ambazo mkondo wake hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara tao linatakiwa liwake upya. Potasiamu ndiyo inayolirahisishia kazi. Kila fundi anajua 6013 inashika upesi, na mistari ile miwili inamwonyesha kwa nini.

Kwenye MIG, ambako waya hujilisha wenyewe ndani ya gesi, kuna jambo lililonistaajabisha zaidi. Ungedhani kitovu cha tao ndicho chenye joto kuliko pote. Watafiti walipousoma mwanga wake sehemu kwa sehemu, walikuta katikati, penye mvuke mwingi wa chuma, joto ni kama nyuzi 8,000, na pembeni kwenye agoni linapita 10,000. Sababu ni mvuke wenyewe: chuma kina mistari mingi mno, na kila mstari ni nishati inayotoroka kama mwanga. Kitovu kinapoa kwa sababu kinang'aa.

Lakini mstari ninaoujali kuliko yote uko kwenye nanomita 656.3, ule mwekundu wa haidrojeni. Rodi ikiwa na unyevu, au chuma kikiwa na mafuta, rangi au kutu, tao huyavunja yote hayo na haidrojeni huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Hatari huja baadaye. Kazi ikishapoa, haidrojeni hukusanyika pembeni ya mshono, palipogeuka kuwa pagumu, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa au siku kadhaa baadaye, fundi ameshalipwa na kuondoka. Ndiyo maana kazi nzito mara nyingi hukaguliwa baada ya saa 48.

6013 ina haidrojeni nyingi kwa jinsi ilivyotengenezwa, na kwa grili ya dirisha haina neno. Rodi ya 7018 ndiyo iliyotengenezwa iwe na kidogo. Tulichomelea na 7018 iliyotoka tanurini, kisha na nyingine ya pakiti iliyokaa wazi masika yote, tukiulinganisha mstari wa 656.3 na mstari jirani wa chuma kwa sababu mwanga wa tao hauachi kuyumba. Kwenye rodi kavu ulionekana kwa shida. Kwenye ile nyingine, ambayo ukiishika ni kavu kabisa, ulisimama wazi, na mzee mmoja fundi aliyekuja kututazama akaomba turudie jaribio hilo.

Kuianika rodi hiyo juani hakusaidii, maana unyevu ulioshikana na ganda hautoki chini ya nyuzi 300 hivi. Karakana hazihitaji spektromita. Zinahitaji tanuri la rodi, hata karakana nne zichangie moja, ili anayechomelea chasisi ya trela au ndoano ya winchi aitoe 7018 humo ikiwa bado ina joto.