Mtandao umejaa lakini intaneti inazunguka tu? Hivi ndivyo mnara unavyoweza kukulenga wewe

Siku ya mnada wa ufuta, mkulima wa Nambilanje wilayani Ruangwa anataka kujua kitu kimoja tu: bei. Chama kikuu cha RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza mazao kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, na taarifa hutembea kwa simu. Sasa watu wote wakiingia mtandaoni kwa pamoja, simu inaonyesha mtandao upo, ila picha yenye bei haifunguki.

Hapo mara nyingi shida si mawimbi kutofika. Shida ni namna yanavyogawanywa.

Antena ya kawaida ya mnara humwaga mawimbi eneo pana, kama taa ya chemli iliyowekwa uwanjani. Mikorosho, paa la jirani na kichaka vyote vinapata sawa na wewe. Teknolojia ya kuelekeza mawimbi, ambayo mafundi huiita bimfomingi, inageuza chemli hiyo kuwa tochi.

Lakini hakuna anayeishika tochi hiyo. Ndani ya ubao mmoja wa antena za 5G huwa kuna antena ndogo nyingi, mara nyingi 64 au zaidi. Zote zinatuma ujumbe uleule, kila moja ikichelewa kidogo sana kuliko mwenzake. Fikiria gari limekwama kwenye tope. Kila mtu akisukuma kwa wakati wake, halitoki. Wakihesabu "moja, mbili, tatu", linatoka, na watu ni walewale. Mawimbi nayo yakifika pamoja yanaongezeana nguvu, yakipishana, yanauana. Mnara ukibadilisha muda wa kutuma, unachagua yakutane wapi.

Mnara unajuaje ulipo? Simu yako yenyewe inatuma ishara fupi kila mara. Ubao unasoma antena ipi imesikia kwanza na ipi imefuata, kisha unajibu kwa kufuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Haya yote ni ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hivyo hata aliye kwenye bodaboda anafuatwa.

Faida kubwa kwa siku kama ya mnada ni hii: wawili walio pande tofauti wanaweza kuhudumiwa muda uleule, kwa masafa yaleyale, bila kusubiriana. Na mnara husikia vizuri zaidi simu iliyo mbali, hivyo simu haitumii nguvu nyingi kupiga kelele na chaji inakaa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Ferdinand Braun alilionyesha mwaka 1905 kwa antena tatu tu.

Kwa nini basi vijijini halijaenea? Sababu moja ni vipimo. Masafa ya 3500 MHz, yanayotumika sana kwa 5G, yana wimbi la sentimita 8.6. Antena hupangwa kwa nafasi ya nusu ya wimbi, kwa hiyo 64 (8 kwa 8) zinaenea kwenye ubao wa takriban sentimita 34 kila upande. Masafa ya 700 MHz yanafika mbali na kupenya miti vizuri, ndiyo maana yanafaa vijijini, lakini wimbi lake ni sentimita 43. Ubao kama huo ungekuwa wa mita 1.7 kila upande. Nani atauning'iniza juu ya mnara, na upepo je?

Kwa hiyo mnara wa kijijini hutumia antena chache na kulenga kidogo. Masafa yote mawili yalikuwemo kwenye mnada wa TCRA wa Oktoba 2022. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 nchini, na kwa kata nyingi hatua hiyo ya kuwa na mnara wa karibu ina uzito kuliko 5G.

Anayefikiria kutumia pesa ya ufuta kununua simu ya 5G aulize kwanza kama mnara wa kwao una 5G. Kama hauna, simu hiyo itashika 4G kama ya jirani. Na bimfomingi haisaidii kama njia inayounganisha mnara na mtandao mkuu ni nyembamba: tochi itamulika vizuri, data ndiyo itakwama nyuma yake.

Ujumbe wa malipo ya ufuta kwa simu, bahati nzuri, ni mdogo mno. Unapita hata pale video inapogoma.