Ufunguo wa chumba kimoja

Bourgmestre wa Katuba hana neno kule Ruashi. Lubumbashi ina komini 7, kila moja na bourgmestre wake chini ya meya. Saraka ya mtandao, yaani daftari la kompyuta lenye akaunti na makundi yote ya ofisi, inaweza kupangwa vivyo hivyo, ila mafundi wengi wanabaki na meya peke yake.

Tuseme chuo kina vitivo kumi na fundi mmoja. Mhadhiri mpya amefika kitivo cha Polytechnique, anataka kufungua folda ya kitivo. Sekretari anajua nani amekuja na nani ameondoka. Fundi hajui, lakini ndiye mwenye mkono. Maombi yanalala mezani. Siku fundi akichoka, anamtia sekretari katika Domain Admins, kundi la wasimamizi wa saraka nzima, na tangu hapo sekretari anaweza kubadili hata nywila ya rekta!

Active Directory, saraka iliyotoka pamoja na Windows 2000, ina njia nyembamba zaidi. Makundi ya kitivo yanawekwa katika tawi lao la saraka, kisha sekretari anaruhusiwa kuandika kitu kimoja tu: orodha ya wanachama. Kuunda kundi au kugusa nywila hawezi. Kumtaja kuwa msimamizi wa kundi hakutoshi. Jina hilo ni pambo mpaka utie alama kwenye kisanduku kinachomruhusu kurekebisha orodha. Afadhali ruhusa ipewe kundi la masekretari kuliko mtu, maana watu huhama. Kundi hilo likae nje ya tawi, la sivyo watajiongezea wenzao wenyewe.

Mtego mkubwa ni kundi lililo ndani ya kundi. Kama wahadhiri wa kitivo waliwahi kuingizwa, kwa haraka ya siku moja, katika kundi linalofungua hesabu za chuo, basi sekretari anagawa funguo za kasha la fedha bila kujua. Kabla ya kumpa mkono, fuata kila kundi linaingia wapi, hadi juu kabisa.

Kurudisha ruhusa ni kazi ya mikono: dirisha linalogawa ruhusa halina kitufe cha kunyang'anya, unafuta mstari mmoja mmoja kwenye ukurasa wa usalama. Andika ulichogawa siku ileile.

Na mhadhiri akilalamika kwamba folda bado imefungwa, mwambie atoke kwenye kompyuta aingie upya. Uanachama husomwa mlangoni.