Mbele Wako Wangapi?

Tarehe 7 Mei 2022, katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, mshindi wa mbio za farasi za Kentucky Derby alikuwa farasi aliyepata nafasi ya kushiriki siku moja tu kabla, baada ya mwingine kuondolewa. Jina lake Rich Strike. Aliyemwekea dola moja alipata faida ya dola 80. Katika historia yote ya mbio hizo ni mshindi mmoja tu aliyewahi kudharauliwa kuliko yeye: Donerail, mwaka 1913. Wengi wakaita muujiza. Wenye saa mkononi walikuwa wameshaanza kunusa jambo farasi wakipita mbele ya majukwaa kwa mara ya kwanza.

Mita 400 za mwanzo ziliisha kwa sekunde 21.78. Derby hiyo haikuwahi kuanza kwa kasi ya namna ile. Mita 800 zikapitwa kwa sekunde 45.36, na safari nzima ni kama mita 2,000. Waliokuwa wakivutana huko mbele ni Summer Is Tomorrow na Crown Pride, ambao wiki chache kabla walikuwa wamepambana Dubai kwenye UAE Derby, na hapa tena hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Summer Is Tomorrow alimaliza wa 20 kati ya 20. Epicenter, aliyepewa nafasi kubwa na wabashiri, alianza kupanda mapema kwenye kona ya mwisho, akashika uongozi, akaonekana amemaliza kazi. Rich Strike alikuwa ametoka lango la 20, la nje kabisa. Joki wake, Sonny Leon, aliwaacha wenzake waondoke, akamwingiza ndani karibu na uzio ili asizunguke njia ndefu, akakaa huko nyuma akingoja. Kwenye njia nyoofu ya mwisho alimzunguka farasi aliyechoka, akarudi tena ndani, akampita Epicenter kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Haikuwa kwamba ameongeza mwendo sana. Walio mbele ndio waliokuwa wanazidi kupungua.

Farasi anayekimbia kwa nguvu zote huvuta pumzi mara moja kwa kila hatua kamili, kwa hiyo hawezi kuhema haraka zaidi ya miguu yake. Wengu wake humwaga damu ya akiba yenye chembe nyekundu, na hiyo humsaidia sana, lakini ina kikomo. Akishavuka kasi ambayo hewa anayovuta inaitosheleza, misuli inakula akiba isiyorudishwa kabla ya mbio kwisha. Isitoshe, ukinzani wa upepo haupandi sawasawa na kasi. Unapanda upesi zaidi. Ndiyo maana sekunde moja iliyookolewa mwanzoni inaweza kugharimu mbili au tatu mwishoni. Na sekunde moja si kidogo: katika mbio hizi inahesabiwa kuwa kama urefu wa farasi watano au sita.

Sasa tazama upande wa pili. Juni 1978, Belmont Stakes, New York, mita zipatazo 2,400. Affirmed na Alydar walikuwa wameshakutana mara nyingi, na Affirmed alihitaji ushindi huo mmoja kukamilisha mataji matatu makubwa ya Marekani. Joki wake, Steve Cauthen, alikuwa na umri wa miaka 18. Kijana huyo alishika mbele akapitisha mita 400 kwa sekunde 25 na mita 800 kwa sekunde 50. Kwa farasi wa daraja lile, hayo ni matembezi. Jorge Velasquez, aliyempanda Alydar, aliona mchezo akamsogeza farasi wake ubavuni mapema, na tangu hapo wakaenda bega kwa bega mpaka mwisho. Affirmed alishinda kwa kichwa tu. Kile kichwa, kwa maoni yangu, kilinunuliwa katika zile sekunde 50 za uvivu, wakati hakuna aliyemsumbua.

Kwa hiyo swali la kwanza si nani ana mbio kuliko wenzake. Ni wangapi wanaotaka kukaa mbele. Akiwa mmoja, mwendo ni wake na anaupanga atakavyo. Wakiwa wawili au watatu wenye hamu ileile, wanalipishana gharama, na faida inakwenda kwa aliyekaa nyuma. Uwanja nao una neno. Mbio kubwa za Marekani hukimbiwa kwenye udongo, na anayefuata anapigwa usoni na udongo unaorushwa na kwato. Wengi hukata tamaa, hivyo majoki wengi hugombea mbele. Ulaya ni nyasi. Huko huwa wanaanza taratibu, kisha wanafyatuka mwishoni.

Lakini kwa nini wengine wamwache mmoja ajipangie mwendo? Jibu liko Epsom, Uingereza, tarehe 4 Julai 2020, Derby ya huko iliyokimbiwa bila watazamaji kwa sababu ya korona. Serpentine, aliyekuwa ameshinda mbio zake za kwanza wiki moja tu kabla, aliachiwa na joki wake, Emmet McNamara, akaondoka zake. Kila joki nyuma yake alifanya hesabu moja: nikimfuata sasa, nitamchosha wangu, na watakaonufaika ni hawa wanaonifuata mimi. Basi kila mmoja akangoja mwenzake ajitolee. Tena zizi lake, la mkufunzi Aidan O'Brien, lilikuwa limeleta farasi kadhaa, na ilikuwa rahisi kudhani huyu ametumwa tu kuwawekea wenzake kasi. Alishinda kwa urefu wa farasi watano na nusu. Wa pili na wa tatu, ambao nao hawakupewa matumaini, walikuwa karibu na mbele tangu mwanzo. Ukiona matokeo ya namna hiyo, usiwalaumu farasi waliokuwa nyuma.

Epsom hiyohiyo ndiko walikomhukumu joki Greville Starkey, na mimi nadhani kosa lilikuwa lake nusu tu. Mwaka 1986 alimpanda Dancing Brave, farasi bora wa kizazi chake. Njia ya Epsom hupanda kilima mwanzoni, kisha huteremka kwenye kona ya Tattenham Corner, na ule mstari wa mwisho umeinama kuelekea uzio wa ndani. Mwendo wa mwanzo haukuwa mkali. Starkey alikaa karibu na mkia, akashuka kilima bado yuko mbali, farasi akachelewa kupata mizani, na alipofyatuka alimkosa Shahrastani kwa nusu ya urefu. Oktoba ile Dancing Brave alikwenda Paris kwenye Prix de l'Arc de Triomphe na Pat Eddery mgongoni. Eddery naye alikaa nyuma, tena akatokea nje kabisa wakati watu wameshamkatia tamaa, akawapita wote. Akaitwa bingwa wa subira. Mbinu ilikuwa moja. Kilichobadilika ni kwamba Paris walio mbele walikimbia kwa nguvu, na muda wa mshindi ulikuwa rekodi. Eddery alikuwa anawavamia waliochoka. Starkey alikuwa anawakimbiza watu waliopumzika kuliko yeye.

Wenye farasi wameshalijua hilo, ndiyo maana huweka farasi wa kuwekea kasi, kama wanavyofanya waandaaji wa marathoni. Farasi Frankel alikuwa na Bullet Train, ndugu yake wa tumbo moja. Ila mweka kasi hana nguvu ya kumlazimisha mtu amfuate, na kanuni za Uingereza hazimruhusu kujiondoa njiani makusudi ili mwenzake wa zizi apite. Siku nyingine hahitajiki kabisa: Aprili 2011, kule Newmarket, joki Tom Queally alimwacha Frankel aende tangu langoni katika 2000 Guineas, akashinda kwa urefu wa farasi sita. Ushujaa wa namna hiyo unamfaa yule ambaye mwendo wake wa kawaida ni mbio za wengine za mwisho.

Anayetaka kujaribu jicho lake kwenye Ngong Racecourse, Nairobi, aanze na kijitabu cha mbio kabla ya kuangalia dau. Aweke alama kwa kila farasi ambaye katika mbio zake za karibuni aliongoza au alikuwa wa pili mapema. Ikiwa mbio nzima ina alama moja tu: huyo achunguzwe sana, hata kama watu hawamtaki. Zikiwa nne: atafutwe aliyetulia nyuma, mwenye joki asiye na pupa, na lango ambalo halitamlazimisha kuzunguka nje. Kisha farasi wakitoka langoni, macho yawe kwenye mikono ya majoki wa mbele. Anayekaza hatamu huku farasi wake ameinua kichwa akibishana naye anapoteza kitu ambacho hatakiona tena, hata akiwa anaongoza.