Kofia Moja, Waajiri Wengi

Mchana wa Machi 23, 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mjini Texas City, jimbo la Texas, baadhi ya wafanyakazi wa makampuni ya ukandarasi walikuwa wametoka kula chakula cha kupongezwa. Walipongezwa kwa usalama, maana siku zilikuwa zimepita bila mwenzao yeyote kuumia kiasi cha kulala nyumbani. Wakarudi kwenye trela zilizogeuzwa ofisi, wakaendelea na kikao chao. Ilipofika saa saba na dakika ishirini, kiwanda kililipuka. Watu 15 walikufa na wengine 180 wakajeruhiwa. Wote 15 walikuwa ndani ya trela zile au jirani nazo, na hata mmoja wao hakuwa mwajiriwa wa BP.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike. Tukizungumzia fidia ya mfanyakazi aliyeumia tunakimbilia kuuliza ni shilingi ngapi. Katika viwanda vya mafuta na gesi kuna swali linalotangulia hilo: huyu aliyeumia ni wa nani?

Kwanza tuone kilichotokea, kwa sababu huwezi kuzungumzia stahili za watu hawa bila kujua walifanyiwa nini. Asubuhi hiyo mtambo mmoja ulikuwa unawashwa upya baada ya matengenezo. Ndani yake kulikuwa na mnara wa kutenganisha mafuta, urefu wake karibu mita 52. Kwa kawaida kimiminika hukaa chini kabisa ya mnara, kina chake kama mita mbili tu. Siku hiyo kilisukumwa humo kwa zaidi ya saa tatu bila kufunguliwa njia ya kutokea. Kipimo kilikuwa kibovu. Kwenye skrini ya chumba cha udhibiti kilionyesha kina kinapungua, kimebaki mita mbili na nusu hivi, wakati mle ndani mafuta yalikuwa yamepanda hadi karibu mita 48. King'ora kimojawapo cha kuonya mafuta yakizidi hakikulia. Waendeshaji wenyewe walikuwa wamechoka, maana walifanya zamu za saa 12 kila siku, baadhi yao siku 29 au zaidi mfululizo bila mapumziko.

Mnara ulipojaa, shinikizo likafungua valvu za dharura. Mafuta yakakimbilia kwenye tangi la zamani lenye bomba lililo wazi juu, lisilo na mwenge wa kuchoma gesi kama mitambo ya kisasa ilivyo. Yakaruka hewani, yakamwagika chini, mvuke ukatambaa ardhini. Mita chache kutoka hapo palikuwa na pikapu ya dizeli, injini yake inanguruma. Wachunguzi wanaamini moto ulianzia hapo. Trela ya karibu kabisa ilikuwa mita 37 tu kutoka kwenye tangi lile, na waliokuwa ndani ya trela hawakuambiwa kwamba mnara unawashwa. Hilo la kutoambiwa ndilo linaloniuma kuliko yote. Neno moja kwa redio lingewatoa watu wale wakakae getini mpaka kazi iishe.

Sasa fidia. Sheria za fidia kwa wafanyakazi, katika nchi nyingi, zimejengwa juu ya mapatano ya zamani. Ukiumia kazini unalipwa bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kwa upande wako, unapoteza haki ya kumshitaki mwajiri huyo mahakamani. Unapata kidogo, lakini unapata mapema na bila kesi. Texas ina utaratibu wake wa kipekee, kwani mwajiri binafsi anaruhusiwa kuamua kama atajiunga na bima hiyo au la. Asiyejiunga anaweza kushitakiwa kwa uzembe, tena bila kujitetea kwamba mfanyakazi naye alichangia kosa. Aliyejiunga amekingwa, isipokuwa pale mfanyakazi anapokufa kwa uzembe uliopindukia.

Kwa aliye chini ya bima hiyo, mafao yanahesabiwa kwa kanuni kavu. Akishindwa kufanya kazi hulipwa kwa kawaida asilimia 70 ya mshahara alioupoteza, na malipo hayo ya muda yana ukomo wa wiki 104. Malipo ya maisha yamewekewa masharti mazito, kama kupoteza macho yote mawili, au mikono yote miwili. Aliyeungua anayapata ikiwa moto umekula ngozi hadi ndani kabisa katika asilimia 40 ya mwili au zaidi na akahitaji kupandikizwa ngozi, au umeharibu sehemu kubwa ya mikono yote miwili, au ya mkono mmoja na uso. Nimesoma kipengele hicho mara kadhaa na kila mara nasimama kwenye ile asilimia 40. Aliyeungua asilimia 35 mgongoni na miguuni analala kifudifudi vilevile, anabadilishwa bandeji vilevile, analia usiku vilevile. Karani itabidi amweleze kwamba hajafika.

Ndiyo maana wanasheria wa wahanga wa Texas City hawakuishia kwenye bima. Mapatano yale ya zamani yanamkinga mwajiri wako peke yake. Waliokufa walikuwa na waajiri wengine, na BP kwao ilikuwa mwenye kiwanda, mtu wa tatu. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi, wakaingia. BP ilitenga zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa ajili ya madai, na kesi nyingi mno zikamalizwa kwa makubaliano. Linganisha na faini: dola milioni 21 na ushei kutoka idara ya usalama kazini mwaka 2005, kisha dola milioni 50 baada ya kampuni kukiri kosa la jinai. Kilichoiumiza kampuni hasa ni madai ya watu.

Mlango huo haukubaki wazi kama ulivyokuwa. Mwaka 2007 Mahakama ya juu kabisa ya Texas iliamua shauri la mfanyakazi wa mkandarasi aliyeumia kwenye mtambo wa umeme wa kampuni ya Entergy. Entergy ilikuwa imenunua bima ya fidia kwa ajili ya wafanyakazi wa mkandarasi wake. Mahakama ikasema mwenye mtambo aliyefanya hivyo anaweza kuhesabiwa kuwa mkandarasi mkuu, apate kinga ileile ya mwajiri. Shauri likasikilizwa tena, na mwaka 2009 uamuzi ukabaki palepale. Kwa hiyo mwenye kiwanda akipanga bima yake vizuri, mtu aliyeungua kwenye mtambo wake, kwa kosa lake, anaweza kuambiwa kwamba haki yake yote ni ile asilimia 70. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilimpa mwenye mali kinga ya mwajiri bila kumbebesha mzigo wote wa mwajiri.

Kwetu jambo hili limeshaingia nyumbani. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linakuja hadi Chongoleani, Tanga, na Uganda imepania kujenga kiwanda chake cha kusafisha mafuta hukohuko Hoima. Kazi za namna hii hufanywa na wakandarasi, na wakandarasi wa wakandarasi. Getini wote wanavaa ovaroli na kofia ngumu zinazofanana, kitambulisho kina nembo ya mradi, lakini karatasi ya mshahara ina jina la kampuni nyingine kabisa. Wapo hata wasio na karatasi hiyo, wanaolipwa mkononi Jumamosi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka miwili akisema "mimi niko kwa Wazungu wa bomba", kumbe kisheria yuko kwa fundi aliyemleta na gari la abiria.

Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango ya waajiri mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, na hapaswi kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili hiyo. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka kila mwajiri awe na bima. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Sheria hiyo nayo imefunga njia ya kumshitaki mwajiri moja kwa moja. Dai linapita kwanza kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Dai lenyewe lisipowasilishwa ndani ya miezi 12, linaweza kufa.

Miezi 12 inatosha kwa aliyevunjika mguu. Lakini mafuta ghafi yana benzini, na benzini huweza kuleta saratani ya damu miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Aliyekitumikia ujana wake wote akiugua leo, itabidi kwanza athibitishe kwamba ugonjwa umetoka kule, na hapo ndipo karatasi za zamani zinapokuwa na thamani kuliko dhahabu.

Basi wewe unayeingia kazini Jumatatu, au uliye na mtoto huko bombani, naomba ufanye jambo moja wiki hii. Tafuta mkataba. Soma jina la mwajiri lililoandikwa pale, kisha uliza kama kampuni hiyo imesajiliwa kwenye Mfuko, au ina bima, na namba yake ni ipi. Ukiumia, hata kama ni kidole, taarifa iandikwe siku hiyohiyo, nawe ubaki na nakala. Karatasi hizo usiziache kwenye kabati la kazini. Zipeleke nyumbani, na mwenzako ajue zilipo.