Baada ya Sikukuu, Turudi kwenye Chungu cha Maharage



Sikukuu zimekwisha. Noeli tumeila, Mwaka Mpya tumeunywa, na wale waliokuwa na harusi katikati ya siku zile nao wamezimaliza. Hapa Cibitoke, tangu tarehe 24 Desemba mpaka 2 Januari, moshi wa brosheti haukutoka barabarani, na mtu aliyepita mbele ya kabare bila kuitwa ndani alikuwa mgeni wa mtaa. Hakuna ubaya katika hayo. Mtu anayebeba mifuko ya saruji mwaka mzima ana haki ya kukaa na watoto wake na kula nyama ya mbuzi. Mimi pia nilikula, na sikuacha mfupa.

Ila sasa ni Januari, nasi tunaoshughulika na mambo ya chama tunaijua Januari kwa sura yake nyingine. Ndio mwezi ambao wenzetu wanakuja wakilalamika kichwa, tumbo kujaa, miguu kuvimba, na kidole gumba cha mguu kuuma kama kilichobanwa na mlango. Tena ni mwezi mrefu. Mahali pengi mshahara wa Desemba hutolewa kabla ya Noeli ili watu washerehekee, na ule wa Januari hauji mpaka mwisho wa mwezi. Ni wiki tano au zaidi kwa mshahara mmoja, na daftari la deni dukani linazidi kunenepa kuliko mwenye deni. Basi mwili na mfuko vinaugua pamoja, na kwa bahati njema dawa ya vyote viwili hupikwa katika chungu kimoja.

Tuanze na pombe, maana hapo ndipo penye hatari kwa mfanyakazi. Chupa kubwa ya Primus ni sentilita 72, na asilimia 5 ya bia hiyo ni alikoli. Ukipiga hesabu ya uzito, ni karibu gramu 28 za alikoli tupu katika chupa moja. Ini la mtu wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kahawa haliharakishi, wala ndimu, wala kuoga maji baridi, wala supu ya mbuzi ya alfajiri. Supu itakupa joto tu. Sasa mchukue mwenzetu aliyeketi kabare saa 1 jioni, akamaliza chupa nne saa 5 usiku, akaenda kulala kama mtu mwenye akili. Chupa nne ni gramu 112. Kwa gramu 8 kila saa, ini lake linahitaji saa 14, yaani mpaka saa 3 asubuhi. Lakini kazi inaanza saa 1! Saa mbili nzima anasimama mbele ya msumeno, au anaendesha lori, au yuko juu ya jengo, na pombe bado imo damuni, ingawa mwenyewe anasema amekwisha lala na kichwa ni chepesi. Akikatwa kidole, watauliza alikunywa nini jana, na hapo hata chama kinapata shida kumtetea.

Bia hiyo hiyo ni chakula pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Chupa kubwa ina kalori karibu 300. Chupa nne zina kama 1200, ambayo ni nusu ya mahitaji ya siku nzima kwa watu wazima wengi. Mtu anasema, "Mimi sili sana, sijui tumbo hili linatoka wapi." Linatoka chupani. Na kile kidole cha mguu kinachouma usiku ni ugonjwa unaoletwa na asidi ya yuriki, ambayo huzidi mwilini kwa nyama nyingi na bia nyingi, ikajikusanya katika viungo kama vipande vidogo vya chupa iliyovunjika. Aliyepatwa nao mara moja anajua kwamba hata shuka ikigusa kidole anapiga kelele.

Najua mtasema kwamba kwetu pombe ni heshima. Ni kweli. Tangu zamani hapakuwa na mahari, maombolezo wala upatanisho bila mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, na kukataa chupa uliyonunuliwa ni kama kumpiga aliyekununulia. Lakini mtungi ule ulikuwa wa siku yake. Siku hizi tumechukua desturi ya siku ya mahari tukaifanya ya kila jioni, kila mtu ananunua zamu yake, na meza ya watu watano inamlazimu kila mmoja chupa tano. Vijana wengine wa hapa mtaani wameanza kupokea chupa ya kwanza kwa mikono miwili na kusema wazi kwamba zamu yao wataitoa kwa maji au chai. Sijaona urafiki uliokufa kwa ajili hiyo.

Sasa, wengi baada ya kula sana wanaruka upande wa pili. Wengine wanajifunga njaa mchana kutwa, wakifika nyumbani saa 2 usiku wanakula sahani ya watu watatu na kulala papo hapo. Wengine wananunua mizizi ya kuharisha, au wanajipiga bomba la maji ya dawa ili "kusafisha tumbo". Ndugu zangu, damu husafishwa na ini na figo usiku na mchana, bila malipo. Dawa za kienyeji zisizojulikana kipimo zimewahi kuharibu figo hizo hizo zinazosafisha. Na mtu mwenye njaa tangu asubuhi, akipewa nyundo saa 8 mchana, mikono inatetemeka. Kurudi katika ulaji mzuri maana yake ni kula asubuhi, kula mchana, kula jioni, kila mara kwa kiasi. Unene uliopatikana kwa siku kumi hautaondoka kwa siku mbili.

Na kula nini? Jibu letu ni la zamani, na linauzwa sokoni hapa Cibitoke na kule Cotebu. Maharage. Watu wanayaona ni chakula cha wasio na kitu, na Januari wanayala kwa huzuni kama adhabu. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20, sawa na nyama ya ng'ombe kwa uzito huo huo, na yana madini ya chuma, tena yana nyuzinyuzi zinazolainisha tumbo lililogoma baada ya siku kumi za brosheti. Ugali wa muhogo peke yake unashibisha, lakini protini yake ni kidogo mno. Ule wa mahindi una kidogo zaidi, na kile kinachokosekana katika mahindi kinapatikana katika maharage, kwa hiyo waliotupikia vitu hivi pamoja hawakukosea. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, upike kwa mengine. Yataiva mapema, gesi tumboni itapungua, na makaa hayatakwisha. Kwa bei ya makaa tunayoijua, hilo tu ni faida.

Pembeni ya maharage weka lengalenga au sombe. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwanga na moto wa kutosha. Kamua ndimu juu ya mboga, au kula pera au chungwa baada ya chakula, kwani vitamini C husaidia mwili kuvuta chuma kilichomo katika maharage na majani. Chai kali inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, inazuia chuma. Isubiri saa moja hivi. Jambo hili ni kubwa kwa kina mama wajawazito na kwa dada zetu wanaofanya kazi ya kusimama mchana kutwa.

Mafuta ya mawese nayo yana maneno. Rangi ile nyekundu ndiyo yenye vitamini A. Wapishi wengi huyachoma mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, wakisema yanaondoka harufu. Vitamini nayo inaondoka. Yapashe moto kidogo tu, na yawe kijiko, yasiwe bwawa, maana karibu nusu yake ni mafuta mazito yasiyofaa moyo.

Ndagala ndio nyama yetu ya kweli. Wakavu huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wanatoa protini na pia chokaa ya mifupa. Wavuvi wa Tanganyika huwavuta kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, basi wanapungua sokoni na bei inapanda. Mwenye akili hununua wakavu wakati wa giza akaweka.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo pia chumvi ya mkate na ya vidonge vya mchuzi, ambavyo nusu yake au zaidi ni chumvi tupu. Ukitia kidonge, usitie tena chumvi. Fanta moja ndogo ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Hapo sina la kuongeza.

Wenzetu Waislamu wa hapa na wa Buyenzi wana Januari yao inayohama, kwani Ramadhani huja mapema kwa siku 11 hivi kila mwaka. Kwao shida ni ile wiki ya Idi, pilau na vitumbua tangu asubuhi baada ya mwezi wa kufunga. Maneno ni yale yale, isipokuwa habari ya pombe haiwahusu.

Wenye sukari na wenye presha wasingoje. Sikukuu wengi waliacha vidonge ili wanywe. Warudie dawa, waende kituo cha afya wapimwe, na presha ikisomeka 140 juu au 90 chini, au zaidi, warudi tena kupimwa hata kama hawasikii maumivu. Ugonjwa huu hauumi mpaka siku ya kuangusha mtu. Mazoezi sitayahubiri: uhaba wa mafuta ya gari wa 2024 na 2025 ulitutembeza kati ya Cibitoke na mjini vya kutosha.

Limebaki moja, nalo si la mtu mmoja mmoja. Mfanyakazi anayeondoka nyumbani alfajiri atakula mchana kile kinachouzwa langoni kwa kazi, na langoni mara nyingi ni mandazi na soda. Mwaka 1956 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo Namba 102 juu ya huduma za wafanyakazi. Halimfungi mwajiri kama sheria, lakini linataja wazi mahali pa kulia, na chumba cha kupashia moto chakula kilichotoka nyumbani. Hayo si mambo ya anasa. Kivuli, meza, maji safi, jiko moja, na mama mpishi mwenye chungu cha maharage analipwa kwa sahani, basi. Tumeona hesabu yake katika mikutano yetu: ni ndogo kuliko siku za kazi zinazopotea kwa tumbo.

Matawi yatakayopeleka ombi hili kwa waajiri wao kabla ya Mei Mosi yaandike idadi ya watu, umbali wa bomba la maji, na muda wa mapumziko unaotolewa kwa kweli, si ule ulioandikwa ukutani. Walinzi na watu wa zamu ya usiku wahesabiwe kwa karatasi yao wenyewe, kwani saa 6 za usiku hakuna hata mandazi langoni.